Odongo na Gari la Gredi Tatu

Haya nitakayowaambia, nusu niliyaona kwa macho yangu na nusu nimeyaongeza mwenyewe ili yasinyauke njiani. Msiniulize ni nusu gani.

Mjukuu wangu Odongo anafanya kazi ya kutoa mizigo pale Malaba. Lori likifika mpakani, yeye ndiye anajaza makaratasi, anafuata maofisa dirisha kwa dirisha, anamtuliza dereva, mpaka lori livuke kwenda Uganda. Alizaliwa pacha. Kwetu sisi Wateso, mapacha wa kiume huwachagulii majina. Wa kwanza ni Opio, wa pili ni Odongo, basi. La kanisani ndilo unachagua. Odongo tulimwita Mathews. Opio naye padri alimpa Methuselah, na Methuselah huyo akafa na miaka arobaini na mmoja. Padri bado anatembea. Kila Jumapili namwangalia sana.

Niliwapokea mimi mwenyewe, kwenye sakafu ya nyumba ya mama yao Akwii, mke wa mwanangu. Walifanana mpaka mbu akimuuma Opio, Odongo ndiye anajikuna. Siku moja baba yao alimchapa mmoja mara mbili kwa kosa moja, na yule mwenye kosa alisimama kando anahesabu viboko.

Katika ukoo wetu pacha hapewi kitu peke yake. Ukinunua shati, nunua mawili, kitambaa kimoja, rangi moja, vifungo idadi moja. Ukimpa mmoja na kumnyima mwingine, aliyenyimwa anaweka kinyongo, na kinyongo cha pacha kinamla mwenzake. Akwii alilishika jambo hilo kuliko ubatizo. Opio akipata malaria, Odongo alimezeshwa dawa pia, huku akilia kwamba yeye ni mzima. Walienda shule na daftari mbili, kalamu mbili, na akili mbili za kutoroka darasani.

Walipokua waliingia kazi ya mizigo pamoja. Opio alikaa upande wa Kenya, Odongo upande wa Uganda, na madereva wengi hawakujua kwamba ni watu wawili. Siku hizo foleni ya malori ilitoka Malaba ikapita Bungoma. Dereva mmoja alipanda sukuma wiki ndani ya tairi la akiba akachuma mara tatu kabla ya kufika kwenye geti. Dereva huyo alimwacha Opio upande huu anapigana na makaratasi, akavuka, akamkuta upande ule ametulia anakunywa chai. Alirudi kwao Mbale akaokoka. Mpaka leo anatoa ushuhuda.

Magari waliyovusha ni mengi kuliko nywele zangu. Walipenda zaidi yale ya wakubwa wa Kampala, marefu, ya chini, yanayonguruma kama chui aliyekanyagwa mkia. Walikuwa wanazunguka gari la mtu wakilipapasa, halafu wanalitia muhuri liende. Wakakubaliana kwamba siku moja na wao watanunua. Mawili, siku moja, gredi moja, rangi moja. Wakaandikisha majina yote mawili kwa msichana wa kampuni ya magari ya Kisumu, anaitwa Sharlyne.

Mwaka jana, mwezi wa pili, Opio alikuwa amekaa ofisini anangoja lori la saruji. Moyo wake ukasimama. Lori lilipofika alikuwa bado amekaa, kalamu mkononi. Tukamzika Jumamosi.

Odongo hakulia. Nilidhani atalia kaburini, hakulia. Nilidhani atalia tukinyolewa, hakulia. Alianza kusema neno moja tu. Sawa. Odongo, kula. Sawa. Odongo, lori limekwama. Sawa. Odongo, nyumba inavuja. Sawa. Siku moja nilimtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari, vijiko vitatu, nione kama atanitukana. Akanywa kikombe chote, akakiweka chini, akaniambia asante Tata. Tata ndiyo bibi kwa lugha yetu. Mimi ni mtu wa kucheka, lakini siku hiyo sikucheka. Nilikiosha kikombe nikakaa.

Kununua kitu pia aliacha. Sio kwa ubahili. Akienda dukani kutafuta viatu, muuzaji anauliza jozi ngapi, na yeye anaviacha anatoka. Krismasi Akwii alimnunulia shati, akanunua na la pili, lile la pili akalitundika kwenye msumari ndani ya nyumba ya Opio. Petronilla ni mjane wa Opio. Anafagia akilizunguka.

Sasa huyo Sharlyne hakujua habari hizi zote. Akapiga simu. Bosi, tunaleta magari Busia, gredi zote tatu, uje uchague. Odongo akajibu sawa.

Akwii alipopata habari alikuja kwangu mbio, kitambaa cha kichwa kikiwa mkononi.

"Mama, atanunua moja!"

"Acha anunue. Amekaa mwaka mzima bila hata soksi mpya."

"Moja ni la nani? Atajipa yeye, atamnyima Opio. Halafu mimi nitazika wa pili. Hapana. Fungu la Opio kwenye akiba yao Petronilla amelichukua la watoto, na ni haki yake. Lakini pesa ya Odongo inatosha gari moja la gredi ya juu, au mawili ya gredi ya chini. Nimemuuliza. Basi ni mawili."

"Na hilo la pili ataliendesha nani?"

"Litakaa kwa Opio."

Niliwaza lile gari limekaa uani kwa Petronilla, kuku wanataga chini yake. Akwii hakuwa anaongea upuuzi. Alikuwa anaogopa, na mimi pia nilikuwa naogopa, ila mimi huogopa nikiwa nimekaa.

Siku yenyewe tulienda watatu. Magari yalikuwa kwenye uwanja wa hoteli moja mjini Busia, yamepangwa mbele ya ukuta, meusi matatu, yanang'aa mpaka jogoo wa hoteli alijiona kwenye mlango akatangaza vita. Alipigana na nafsi yake mpaka mpishi akaja kumwamulia. Na yalikuwa ya chini. Kwa barabara ya kwetu gari kama hilo litalima viazi vitamu bila jembe.

Sharlyne ni msichana wa Kisamia, mwembamba, anatabasamu kwa meno yote.

"Karibu bosi! Karibu mama! Karibu kukhu!"

"Kukhu ni bibi wa Waluhya," nikamwambia. "Mimi ni Mteso. Lakini kama kuna soda, niite unavyotaka."

Soda ikaja. Sharlyne akaanza kwenye gari la kwanza.

"Hii ndiyo gredi ya chini, lakini chini ni jina tu, bosi. Viti vya ngozi, unavisogeza kwa kitufe. Kamera ya nyuma. Injini inakimbia vizuri."

"Sawa," akasema Odongo.

"Hii ya mwisho ndiyo gredi ya juu. Injini kubwa kuliko zote. Breki nyekundu. Taa za ndani zinabadilika rangi sitini. Na kiti chake, bosi, kina upepo wa kupoza kutoka chini."

"Wa kupoza nini?" nikauliza.

Akasita. "Wa kupoza... mwili, kukhu."

"Makalio, sema makalio. Sisi tunakaa kwenye simenti, inapoza bure."

Mpishi alicheka. Odongo alikuwa anaangalia ukuta.

"Kwa hiyo bosi unapenda ipi?"

"Sawa."

"Sawa ni gredi gani?"

Akwii akaingia katikati. "Anachukua ya chini. Mawili. Andika."

Uso wa Sharlyne ukawaka. "Mawili! Yule bosi mwingine pia amekuja? Kwenye kitabu changu nina majina mawili. Methuselah yuko wapi, nimwonyeshe?"

Jogoo alikuwa amerudi kwenye mlango wa gari. Mimi ndiye mwenye mdomo, kwa hiyo nikasema.

"Tulimzika mwaka jana, mwanangu. Walikuwa pacha."

Sharlyne akafunga kitabu chake. Akafungua tena. Nilimwona anatafuta pa kuweka mikono. Akasema pole mama, pole bosi, pole kukhu, kisha akawa hajui la kufanya, akafanya lile alilolijua. Akafungua mlango wa gari la katikati akaendelea na maneno ya kazi yake, pole pole, kama mtu anayesoma rozari.

"Hii ya kati sijaionyesha. Ina dirisha la juu. Ina spika kumi na sita. Na kiti cha dereva kina kumbukumbu. Unakaa, unakirekebisha vile miguu yako inataka, mgongo, usukani, vioo, halafu unabonyeza hapa uweke namba moja. Mtu wa pili naye anaweka chake namba mbili. Kila mmoja akiingia anabonyeza namba yake, kiti kinajipanga vile yeye anakaa. Ya chini haina hiyo. Ya juu inashika watu watatu. Ya kati ni wawili."

Odongo akageuka kutoka ukutani.

"Wawili?"

"Wawili, bosi."

Akaingia. Akakaa. Kile kiti kikaanza kunguruma kidogo chini yake, mbele, nyuma, juu, kama ng'ombe anayetafuta pa kulala. Alichukua muda. Akasogeza na vioo. Akabonyeza moja. Akatoka nje, akafunga mlango.

Tukadhani amemaliza. Lakini alizunguka gari lote, akapita nyuma, akapita mbele yetu kana kwamba hatupo, akafika tena kwenye mlango uleule. Akafungua, akaingia, akakaa. Mara hii hakugusa kitu. Aliweka tu mikono kwenye usukani, akaketi wima kuliko mwanzo, kidevu juu, vile Opio alikuwa akiketi. Akabonyeza mbili.

"Bosi," Sharlyne akasema kwa sauti ndogo, "hujarekebisha. Namba mbili itakuwa sawa na moja."

"Ndiyo. Tulikuwa kimo kimoja."

Maneno manne. Nilishika soda yangu kwa mikono miwili.

Akwii alimwondoa kwenye kiti kwa kumvuta shati, akaingia yeye, viatu mkononi ili asichafue. Akaniambia niangalie kwa nje. Akabonyeza moja, kiti kikakaa kimya. Akabonyeza mbili, kimya. Moja tena. Mbili tena. Alibonyeza kama mtu anayekagua mizani sokoni asiibiwe. Kiti hakikusogea hata upana wa kucha, wala vioo havikupepesa.

"Cha Opio hakijapungua?" akaniuliza kupitia dirishani.

"Hakijapungua."

"Wala cha huyu hakijazidi?"

"Hakijazidi, Akwii. Ni kiti kimoja. Toka, watu wanatuangalia."

Akatoka, akavaa viatu vyake, akajifunga kitambaa. Akasimama mbele ya gari akiliangalia, si kama anayelipenda. "Wamepewa sawa," akasema. Akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta.

"Ya kati," Odongo akamwambia Sharlyne. "Moja."

Sharlyne akaandika. Akauliza rangi, akajibiwa yoyote. Akauliza jina la kwenye karatasi, akajibiwa Mathews. Halafu msichana yule, kwa kuwa ni mkweli, akasema, "Lakini bosi, hili ni la maonyesho. Lako litatoka likiwa jipya. Hizi namba mlizoweka zitabaki hapa."

Nilimwangalia Odongo, nikijua sasa imeharibika.

"Nitaziweka tena," akasema.

Gari lilikuja baada ya majuma sita, rangi ya kijivu. Wakristo wa Malaba wakasema Odongo amejiunga na waabudu nyoka wanaogawa utajiri. Wengine wakasema lina uwezo wa kuvuka mpaka bila pasi, na hilo nilisema mimi. Siku ya kwanza alifanya vile alivyofanya Busia. Akakaa, moja. Akatoka, akazunguka, akakaa, mbili. Sasa asubuhi akienda kazini anabonyeza moja, jioni akirudi anabonyeza mbili. Kiti hakisogei. Akwii husimama mlangoni akimhesabia, kisha anarudi ndani kupika.

Msidhani amepona. Bado ni sawa, sawa. Shati la Krismasi bado liko kwenye msumari. Nilimuuliza kama gari ni tamu, akasema linaenda.

Juma lililopita alinikuta nimekaa kwenye simenti yangu, akasimamisha gari.

"Tata, unafika sokoni?"

Sikuwa nafika sokoni. Nikasema ndiyo, nikaingia. Kiti cha ngozi kilinimeza mpaka nikaona mbingu tupu.

"Umefunga mkanda?"

"Nimefunga."

Tukaondoka. Hatukufika hata kwa jirani, gari likaanza kulia, ti, ti, ti, ti, halikomi. Miaka yote hii nimedanganya mapadri, machifu na marehemu mume wangu, na hakuna aliyewahi kunilia hivyo. Nilikaa nikiangalia mbele. Odongo akasimamisha gari kando ya barabara. Hakucheka. Aliinama, akauvuta ule mkanda juu ya tumbo langu, akautafutia tundu lake, ukalia ko. Akanitazama usoni kidogo.

"Unadanganya, Tata," akasema, akaondoa gari.