Mtutu Uliorudi Safi

Kitambaa cha kwanza kilitoka cheupe.

Bolette alikishika kwa ncha za vidole akakigeuza upande wa pili. Cheupe vilevile. Chumba cha mlangoni hakikuwa na moto, na pumzi yake ilikuwa ikitoka kama moshi, kwa hiyo aligeuza uso pembeni asije akapumulia ndani ya chuma. Bunduki iliyotoka barafuni haiingizwi jikoni. Ukiiingiza inatoa jasho ndani na nje, na jasho hilo likirudishwa kwenye baridi linaganda, na siku mwindaji anapovuta kifyatulio anasikia mlio mdogo wa chuma tu, na sili, mnyama wa bahari ya barafu, ameshazama zake. Ndiyo maana Bolette aliisafishia hapo hapo kwenye baridi, mikono mitupu, kwa spiriti kidogo na vitambaa vya shuka kuukuu alivyovikata mwenyewe. Mafuta hakutia. Mafuta yana miezi yake, na huu haukuwa mmojawapo.

Akasukuma kitambaa cha pili kwa ufito. Nacho kikatoka kama kilivyoingia.

Nje, kando ya ngazi, walikuwa wamelala sili wawili. Mume wake, Enok, alikuwa amewaleta jioni ile kwa sleji ya kukokotwa na mbwa, akasema amempiga mmoja karibu na jabali la ndege na mwingine mbele kidogo, kisha akaenda kulisha mbwa.

Mtutu uliofyatua risasi hausemi uongo. Unatoa weusi kwanza, halafu kijivu, halafu, ukiwa na subira, unatoa alama ya kijanikijani ya shaba iliyobaki kwenye michirizi. Huu haukutoa kitu. Ulikuwa na unyuzi mmoja tu wa pamba, na unyuzi ule Bolette aliutambua. Ulikuwa wa shuka lake, umeachwa na mkono wake mwenyewe juma lililopita.

Alirudisha komeo la bunduki mahali pake, akaitundika, akaingia ndani kuchemsha kahawa.

Kazi hii alikuwa amefundishwa na baba yake, Peele, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume na hakuona sababu ya kuhuzunika. Alimkalisha binti yake kwenye sanduku la samaki, akampa ufito, akamwambia asukume kutokea nyuma, kamwe asitokee mdomoni, maana mdomo wa mtutu ukikwaruzwa risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Bolette alipoolewa, ufito ulikuja naye pamoja na vyombo vya kahawa. Enok alicheka kidogo, kisha akamwachia bunduki zake, na kwa miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kuzisafisha tena. Asubuhi Bolette alikuwa akikata vichwa vya samaki kwenye kiwanda kidogo cha gatini. Mchana alichuna ngozi. Jioni alikuwa na mtutu wake. Binti yao alikuwa amekwenda Nuuk, mji mkuu, kusoma, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba mtu aliweza kusikia mbwa wakijigeuza usingizini huko nje.

Katika ukimya kama huo shaka huota vizuri.

Alianza kumtazama mume wake jinsi mtu anavyoitazama barafu inayoanza kuyeyuka, bila kukanyaga kwa nguvu. Aliona kwamba Enok siku hizi hakai mezani baada ya kula. Aliona kwamba akizungumzwa na watu dukani hujibu huku mkono umo mfukoni, kama mtu anayeficha pipi. Na njia ya sleji yake, Bolette alikwenda mwenyewe kuitazama, haikukata moja kwa moja kuelekea jabali la ndege. Ilizunguka rasi, na ng'ambo ya rasi kuna kijiji kingine, na katika kijiji hicho kuna Naduk.

Naduk alikuwa mjane, muuza duka, mwenye kicheko cha kusikika kabla hujafungua mlango. Kaka zake walikuwa wawindaji hodari wasiokosa nyama. Bolette alijumlisha mwenyewe. Mwanamume anaondoka na bunduki, anarudi na sili, na bunduki haijafyatuliwa. Basi sili wametoka kwa mtu mwingine, na mtu hatoi nyama bure kwa mgeni asiye na sababu ya kuja.

Safari iliyofuata alimtegea. Alikata kidole cha glavu ya mpira, akakivisha kwenye mdomo wa mtutu kuzuia theluji, kama wafanyavyo wawindaji wote, akakifunga kwa uzi kwa fundo la washonaji wa ngozi ambalo wanaume hawalijui. Anayepiga hupiga kupitia hapo hapo, na mpira unapasuka. Enok alirudi na sili watatu. Mpira ulikuwa mzima, fundo liko palepale.

Alimpigia simu dada yake, Karoline, aliyekuwa akiishi mji wa Ilulissat, mwanamke wa maneno machache na yote makali. Karoline alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huyo Naduk bado ananenepa. Kisha akasema chumba cha nyuma kiko wazi, barafu ikivunjika meli ya kwanza itapita, na Bolette asiwe mjinga wa kungoja aambiwe. Bolette alisema atakuja. Alipokata simu alishangaa jinsi neno hilo lilivyotoka kirahisi. Usiku ule, ambao haukuwa na giza kwa kuwa jua lilikuwa limeshaacha kuzama, alilala akiutazama mgongo wa Enok na kuuaga.

Lakini mtu mwenye shaka hawezi kunyamaza kabisa. Siku moja wakinywa chai alimuuliza, kama anayeuliza habari za hewa, kama bunduki bado inapiga sawasawa.

"Kama kawaida," alisema Enok. "Kwa nini?"

"Nauliza tu. Naona haichafuki."

Enok akaangalia dirishani. Akasema baruti za siku hizi ni safi.

Na safari iliyofuata mtutu ulirudi mchafu. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi tii, na harufu ikamjaa Bolette puani. Kwa muda mfupi moyo wake ulitulia, akajiona mwanamke mbaya. Kisha alitoka nje na kisu chake cha nusu mwezi kumchuna sili aliyeletwa, na kwenye fuvu, ambalo kabla ya hapo hakuwahi kulichunguza, akakuta tundu dogo kama punje ya dengu.

Bunduki ya Enok ilikuwa ya risasi nene, kwa sababu ya dubu. Tundu lake angeweza kutia kidole gumba. Hili lilikuwa la bunduki nyembamba, kama walizo nazo vijana wote pwani ile, na kaka za Naduk miongoni mwao.

Bolette aliinuka, damu ikimdondoka kiganjani. Basi alikuwa amefyatua hewani. Alikuwa amesimama mahali fulani barafuni, akaelekeza mtutu mawinguni, akapiga ili mkewe akute weusi. Alikuwa na hofu ya kitambaa, akasahau kwamba anayeshika kitambaa ndiye anayeshika na kisu. Na mwanamume anayejisumbua kudanganya hivyo ana kitu kikubwa cha kuficha.

Sasa hakukuwa na wa kumuuliza ila mtu mmoja, yule aliyetoka na Enok kila safari, sleji zao zikifuatana.

Huyo naye aliitwa Peele. Alizaliwa majira yaleyale baba yake Bolette alipokufa, na wazazi wake wakampa jina la marehemu, na kwa imani ya pwani ile jina likija huja na mwenyewe. Kwa hiyo tangu akiwa kwenye mbeleko mgongoni, Bolette alimwita baba, akamnunulia kofia, akampa kipande cha kwanza cha ini la sili. Mtoto akakua akijua haki zake. Hata sasa, mwanamume wa miaka thelathini na kitu mwenye watoto wanne, alimwita Bolette, aliyekuwa karibu na hamsini, binti yangu, na alimkaripia mbele za watu kwa kutovaa kofia.

Alimkuta mahali wanapofungwa mbwa akishona mkanda wa kuvutia sleji, sindano ya mfupa wa nyangumi mdomoni.

"Binti yangu," alisema bila kuitoa sindano. "Umekuja kumtazama baba au umekuja kuomba chakula cha mbwa? Mbwa wenu wamenona kuliko mimi. Mke wangu ameanza kuwatamani."

Bolette hakucheka. Alikaa kwenye sleji yake. Mbwa mmoja akaja kumnusa damu kwenye mkono, naye akamwacha anuse.

"Baba," alisema. "Nani anapiga wale sili?"

Peele alitoa sindano mdomoni. Alitazama nyumba, akatazama barafu, akaanza kusema kitu cha utani kuhusu sili wanaojiua kwa huzuni, lakini kikafia njiani.

"Leo usiniite hivyo," alisema.

"Nikuite nani? Sina jina jingine la kukuita."

"Niite Peele. Nikiwa Peele naweza kumdanganya mtu. Huyo mwingine alikulea, atakudanganyaje?"

"Ndiyo maana sikumwuliza Peele."

Peele akaichoma sindano kwenye mkanda. Halafu akasema, akiutazama mkanda, kwamba ni yeye mwenyewe. Tangu jua liliporudi baada ya miezi ya giza, sili wote ni yeye. Mkono wa kulia wa Enok ulikuwa ukitetemeka. Ulianza kidogo, akasema ni baridi, kisha ukaendelea hata kwenye joto. Alipiga akakosa, akapiga akakosa, siku moja risasi ikapita karibu na mbwa wa Peele, na Enok akaiweka bunduki chini asimlenge tena sili. Kuona bado anaona kuliko yeyote. Humwona sili wakati Peele haoni hata doa. Basi wanazunguka rasi mahali ambapo watu hawawatazami, Enok anaona, Peele anapiga, wanagawana.

"Anaogopa watamnyang'anya kibali cha uwindaji," alisema Peele. "Tena hilo analiogopa kidogo. Anachoogopa hasa ni wewe na vitambaa vyako."

"Na Naduk?"

"Naduk yupi?" Kisha akaelewa, akacheka mpaka mbwa wakasimama. "Yule wa duka? Enok anamdai biskuti, au yeye ndiye anamdai Enok? Binti yangu, yule mwanamke ana fundi wa jenereta anayelala kwake tangu Krismasi. Pwani nzima inajua. Nyinyi huko gatini mnaongea na samaki tu?"

Bolette hakujua aamini nini. Peele alikuwa mtu wa mizaha, na rafiki humfunika rafiki. Hadithi ilikuwa imekaa vizuri mno, na yeye kwa miezi alikuwa amezoea kutafuta upande wa pili wa kila kitu. Lakini Peele alikuwa ameacha kucheka.

"Nina watoto wanne," alisema polepole. "Nimebeba nyumba mbili. Sisemi nimechoka. Nasema tu nimebeba."

Bolette alirudi nyumbani. Enok alikuwa jikoni. Alipomwona mkewe, mkono wa kulia ukaenda mfukoni, na kwa mara ya kwanza Bolette aliutazama mfuko badala ya uso. Kitambaa cha suruali kilikuwa kikitikisika, kidogo, bila kupumzika, kama kuna ndege aliyekamatwa ndani.

Hasira ilimjia kabla ya huruma. Alikuwa ameagana na mgongo wake. Alikuwa amemwahidi dada yake. Na yote hayo mwanamume huyu angeweza kuyazuia kwa kuweka mkono juu ya meza.

"Kesho nakwenda nawe nyuma ya pazia la kuwindia," alisema. "Bunduki nitashika mimi."

Enok alivuta kiti. Akakaa taratibu.

"Peele amekwambia."

"Baba ameniambia."

"Baba yako alikufa, Bolette."

"Basi hakuna aliyesema."

Enok akafikiri juu ya hilo. Kitu kama tabasamu kilipita mdomoni mwake, kikaondoka. Alisema wanakijiji watawacheka. Bolette akasema wameshacheka kwa mengine, na wana pumzi ya kutosha. Akasema kibali kina jina la Enok, na Enok atakuwepo pale, mwenye kutaka kubisha aje barafuni abishe. Hakumwambia habari za meli. Hilo alilibakiza mwenyewe, na hakuwa na uhakika kama ameshalitupa au ameliweka tu kando.

Siku iliyofuata waliacha mbwa mbali, wakatambaa nyuma ya pazia jeupe lililowambwa kwenye sleji ndogo, bunduki imepitishwa kwenye tundu lake. Alipokuwa msichana, Bolette alipiga kware wa theluji na sili wachache, baba yake akimshikia mguu asiteleze. Tangu hapo alikuwa akisafisha tu. Bega lake lilikuwa limesahau, na kiwiko kiliuma kwenye barafu.

Mbele yake hapakuwa na kitu. Weupe, kisha weupe, kisha ukungu mwembamba uliotikiswa na jua.

"Yupo," alinong'ona Enok. "Kushoto kwa ule ufa. Amelala."

"Simwoni."

"Yupo. Atainua kichwa sasa hivi. Ngoja."

Alikuwa amelala karibu naye hivi kwamba mtetemo wa mkono wake ulimfikia kupitia mikono ya makoti yao. Hakuuficha. Bolette aliweka shavu kwenye kitako cha bunduki, akaelekeza mtutu kushoto kwa ufa, mahali asipoona kitu, akangoja.