Mnyoo Aliyetusimamisha Lupiro

Rafiki yangu alikuwa anapakia mchanga mtoni. Mchana akipumzika analala kwenye mchanga uleule wanaolalia mbwa, na kaptula yake ilikuwa na tundu. Mnyoo wa mbwa akamwingia kalioni, akaanza kutembea chini ya ngozi. Unaona kabisa kamstari kekundu kamejikunjakunja, kesho kamesogea upana wa kidole. Na kanawasha balaa.

Sasa Jumapili tulitakiwa Lupiro, akajitambulishe kwa wazazi wa mchumba wake. Utajikunaje matako mbele ya baba mkwe?

Mimi nilikuwa na kitabu cha afya kisicho na jalada, nimekisoma mwenyewe mpaka nikajiona daktari. Kilisema mnyoo huyo anaweza kuuawa kwa kugandishwa. Nikanunua barafu kwa mama mmoja mwenye friza, nikamlaza jamaa kifudifudi, nikamgandamizia pale penye wekundu zaidi. Akalia kama mbuzi. Majirani wakachungulia dirishani, mmoja akauliza kama tunahifadhi samaki. Nikamfukuza na mwiko mpaka barabarani. Rafiki yangu hachekwi mbele yangu.

Ijumaa asubuhi mstari umesogea, tena umekata kona. Tukaenda hospitali. Mganga, mama wa makamo, akauliza nimegandisha wapi. Nikamwonyesha kwa fahari.

"Mwanangu, hapo ameshapita. Mwenyewe yuko mbele."

Kumbe siku zote nilikuwa napiga nyayo zake. Yule mama akachora duara kwa kalamu mbele ya mstari, akapuliza dawa ya baridi mpaka ngozi ikawa nyeupe kama chokaa. Akasema hata yeye anabahatisha, maana mnyoo haonekani. Akaongeza kwamba patatoka lengelenge, asipakalie siku nne.

Nikahesabu kwa vidole. Nikakasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani.

Jumapili jamaa aliendesha baiskeli kwa kusimama mpaka kivukoni, na ng'ambo vilevile. Muwasho ulikuwa umekwisha, ila lengelenge lilikuwa kama andazi. Tukafika, tukaamkia, vigoda vikaletwa.

"Nashukuru baba, nitasimama," akasema.

Uso wa mzee ukabadilika. Kukataa kiti cha mtu ni kumdharau, na nikaona kabisa mchumba anaponyoka. Mimi nilikuwa nimeshakaa. Nikainuka.

"Mzee, kwetu hatukai mbele ya baba mkwe," nikasema. Kwetu wapi, hata sijui.

Mzee akatutazama sana. Halafu akawageukia wanawe wawili, waliokuwa wamejinyoosha kwenye mkeka.

"Mmesikia adabu ya wenzenu? Inukeni."

Wali na kambale tukala wima, wote wanne, sahani mkononi. Wale shemeji wananiangalia kama nimewaibia ng'ombe.

Alioa. Mnyoo alikufa, kovu lenyewe halionekani. Lakini mpaka leo tukienda Lupiro hatuletewi kigoda, na mzee huwaambia wageni watutazame. Jamaa anasimama, na mimi nasimama naye. Nitakaaje, na uongo ni wangu?