Treni ya Kokoto Siku Mama Alipofariki

Kazi yangu kwenye reli ilikuwa kusimama. Wenzangu waling'oa reli zilizochakaa za njia ya mizigo kati ya Manyoni na Singida, wakatoa mataruma ya chuma yaliyoliwa na kutu, wakalaza ya zege na reli mpya juu yake. Mimi nilipewa bendera mbili, nyekundu na kijani, nikawekwa kilomita mbili mbele yao, upande zilikotokea treni za kokoto. Reli zikiwa zimeng'olewa, nilisimamisha treni. Mpya zikishafungwa, mtu alikuja kwa baiskeli kuniambia, nami nikampungia dereva kijani.

Siku nyingi treni ilikuwa moja tu. Saa zilizobaki nilikuwa mimi, upepo, alizeti upande mmoja na mawe makubwa upande wa pili. Simu haikushika mtandao. Ikifika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshamaliza mawazo yote niliyokuja nayo, naanza kuongea peke yangu kwa Kinyaturu, kama nilivyoongea na mama. Wachungaji wakipita niliwasalimia kwa furaha iliyozidi, nao wakaharakisha ng'ombe.

Mama alikuwa nyumbani Mwankoko, miguu imevimba, mtu wa kitandani. Niliomba ile kazi kwa sababu ya dawa zake. Kila Jumapili nilikwenda kumwogesha, maana hakupenda mikono mingine.

Alhamisi moja nikasikia pikipiki vichakani. Alikuwa mdogo wangu wa kiume. Hakuzima injini.

"Dada, mama ametutoka alfajiri. Tumekupigia simu mpaka tumechoka. Tunazika baada ya alasiri. Panda."

Nilitazama reli. Huko nyuma yangu walikuwa wameshang'oa reli, na treni ya kokoto ilikuwa haijapita.

"Nenda kawaambie waniletee mtu," nikamwambia.

Akaenda mbio, akarudi peke yake. Msimamizi alikuwa ametoka kufuata vifaa, na wengine walisema hawana ruhusa ya kumtoa mtu.

"Funga hiyo bendera kwenye mti, twende."

"Kuna watu kule wameinama relini."

"Na mama amelala kwenye mkeka," akasema. "Wanasubiri mwanaye amwoshe."

Nilitamani anikamate mkono kwa nguvu, anipakie, ili lisiwe neno langu. Hakunigusa. Alisema yeye ndiye mtoto wa kiume pekee na kaburi linachimbwa, akageuza pikipiki akaondoka. Niliisikia mpaka ikapotelea upande wa barabara.

Sijawahi kukaa na mtu yeyote kwa muda mrefu kama nilivyokaa na bendera ile. Sikulia. Niliogopa machozi yatanizuia kuona mbali. Jua lilikuwa limepita utosini treni ilipotokea kwenye kona, na kwa jinsi ilivyokuwa inakimbia, nilijua dereva anaamini njia iko sawa. Niliinua bendera kwa mikono miwili. Ikapiga honi, ikalia breki, ikasimama hatua chache kutoka nilipokuwa.

Dereva, mzee wa makamo, aliteremka. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Kuna nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Akavua kofia.

"Nipe bendera. Mimi na treni yangu hatuondoki hapa mpaka huyo mwenye baiskeli aje. Nenda."

Nilikwenda kwa miguu mpaka barabarani, nikapata lori la magunia ya vitunguu. Nilipofika Mwankoko wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, viatu vina udongo mwekundu. Shangazi alinipokea mlangoni.

"Tulikusubiri," alisema. "Maji yakapoa, tukayachemsha tena. Yakapoa tena. Basi tukamwosha sisi."

Hakusema kwa kunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Siku ya nne nilirudi kwenye kazi. Msimamizi alinipa mkono wa pole na kusema nilifanya jambo kubwa. Wenzangu wakaanza kuniachia chai ya moto kwenye chupa, lakini kule mbele nilikunywa peke yangu. Kinyaturu nikaacha kukiongea. Njia ilipokamilika wakatulipa na kutuaga, nikahamia nyumba ya mama. Mdogo wangu hakukanyaga pale tangu matanga yalipoisha.

Wakati wa mavuno ya mwaka uliofuata alikuja bila taarifa, akachukua panga, akaingia shambani kukata alizeti nami. Tulifanya kazi mpaka adhuhuri. Kisha akauliza, mgongo umenielekea:

"Ile treni, ilikuja kweli?"

"Ilikuja."

"Ilikuwa na mwendo?"

"Mkali."

Aliendelea kukata. Baadaye aliomba maji, nikampa, akanywa amesimama, akanirudishia kikombe kwa mikono yote miwili. Jioni aliondoka kwenda kwake. Mimi nikabaki kuanua alizeti kabla umande haujashuka.