Bonde Lililokataa Milingoti

Nikishuka kwenye basi pale njia panda, jembe langu limefungwa kwenye kanga kuukuu, hakuna anayeniuliza habari za safari. Naulizwa, "Umekuja kupanda miti?" Kijana wa bodaboda anauliza hivyo, mama wa duka anauliza hivyo, hata mwinjilisti mzee wa kanisa letu anauliza hivyo. Mtu anayeishi Iyunga, Mbeya mjini, akija kijijini Agosti kwenye baridi hii, lazima amekuja kuandaa shamba la miti. Nikijibu kwamba nimekuja kulima vinyungu, wanacheka. Hawacheki kwa ubaya, lakini wanacheka, na mimi kila mwaka napandwa na hasira upya.

Wewe uliyekulia kwingine, kaa nikueleze, maana wenzangu wa hapa wamejisahaulisha makusudi. Kijiji chetu kiko juu kwenye vilima vya Iringa, mahali ambapo mwezi wa saba umande unaganda kwenye nyasi, na ukikanyaga pekupeku unausikia ukivunjika. Mashamba ya mlimani yanategemea mvua, na mvua yetu ni ya msimu mmoja. Ukishavuna mahindi umemaliza. Kinachobaki ni kuangalia ghala likipungua. Lakini chini, kati ya kilima na kilima, kuna mabonde ya udongo mweusi usiokauka. Huko wazee walitengeneza matuta marefu na kuchimba mifereji katikati yake ili maji yapite bila kuozesha mizizi. Hivyo ndivyo vinyungu. Unapanda Agosti wakati nchi yote ni kahawia, Oktoba unachuma njegere, na Krismasi ikikaribia, mahindi ya mlimani yakiwa hayajafika magotini, wewe unachoma mahindi mabichi.

Bibi aliyenilea alikuwa na bonde la namna hiyo, alilopewa na marehemu babu. Ilipofika Agosti aliitisha mgowe, yaani majirani wote wanakuja kulima kwako siku moja, na kesho yake mnakwenda kwa mwingine. Wengine walivuta watu kwa pombe ya komoni. Bibi alikuwa Mlutheri wa kweli, pombe haikuingia kwake, kwa hiyo alipika togwa na kande yenye maharage mengi kuliko mahindi. Wanaume walinung'unika na bado walikuja. Sisi watoto tulikata nyasi kwa nyengo, yale mapanga yaliyopinda ncha, na kuzilaza kwenye mistari, wakubwa wakazifunika kwa madonge ya udongo. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo mbichi uliopinduliwa, miguu yangu inakumbuka baridi ya yale maji na ruba walioning'ang'ania kwenye vifundo.

Bonde lile ndilo lililotufanya watu. Njegere na mahindi mabichi tulivibeba vichwani hadi barabara kuu, tukawauzia abiria wa mabasi na madereva wa malori. Malori yaliyotoka Rujewa na mchele yalisimama, tukabadilishana: wao wana mpunga, baridi hawana, na njegere hazioti kwao. Sare yangu ya shule ilitoka bondeni, na ndoo, na mafuta ya taa. Mtu akisema kwetu kulikuwa na njaa kila Januari, mwulize alikuwa anakula kwa nani.

Kisha milingoti ikaja. Ndiyo ile mikaratusi ya vitabuni. Ghafla kila mtu alikuwa anazungumzia mbao na nguzo. Baba mdogo, mtoto wa mwisho wa Bibi, aliingiwa na miti kama watu wanavyoingiwa na mapepo. Mwaka mmoja, mwezi wa kumi na mbili, Bibi alisafiri kwenda msibani huko Usangu. Aliporudi na mfuko wake wa mchele, kabla hata ya kuvua viatu, alishuka bondeni kuangalia mahindi. Katikati ya mistari ya mahindi akakuta miche ya milingoti, imepandwa kwa nafasi nzuri kabisa.

Hakupiga kelele. Aliniita tukaing'oa mmoja mmoja na udongo wake, kwa upole, tukaipanga kwenye tenga, tukaenda hadi uani kwa baba mdogo.

"Kamwene," Bibi alisalimia. "Nimewakuta wageni wako kwangu. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa nimewaangalia, jembe hawawezi kushika. Kazi yao ni kunywa maji tu."

"Mama, miti ni benki," baba mdogo alisema. "Miaka kumi tu, utaona."

"Na hiyo miaka kumi tutakula magome?"

Baba mdogo alipeleka shauri kwenye ukoo. Alidai ardhi ni ya baba yake, mama ni mtunzaji tu, na yeye mtoto wa kiume ndiye wa kuamua. Wazee wakaja nyumbani siku ya mvua kubwa, Januari, mwezi ambao maghala yanakuwa yamefagiliwa. Walikaa, wakazungumza, wakazungumza tena, wakaanza kutazama upande wa jikoni. Moshi hakuna. Kikao cha ukoo bila chakula, kwetu, ni kitu ambacho hakijawahi kutokea. Hatimaye mzee mmoja, shemeji wa Bibi, akakohoa na kuuliza kama jikoni kuna tatizo.

Bibi akainuka mkekani. "Hakuna tatizo, shemeji. Chakula cha mwezi huu huwa kinatoka bondeni. Sasa bonde liko hapa kikaoni. Likitoka kikaoni, na mimi nitaingia jikoni."

Hakuna aliyecheka kwa sauti, ila niliona mabega yakitikisika. Yule mzee alisema bonde ni la mama mpaka achoke mwenyewe, na akaongeza kwamba asichelewe sana kuwasha moto. Siku ile tulichoma na kuchemsha mahindi mpaka mvua ikakatika. Baba mdogo alikula pia, tena vizuri.

Sitakuficha, miti ilimlipa. Alijenga nyumba ya bati, wanawe wakasoma vyuo Iringa mjini, na alipouguliwa na mkewe aliuza miti akamtibu. Sisemi miti ni uchawi. Ninachosema ni kwamba aliipanda kuzunguka bonde letu, majirani nao wakapanda yao mpaka kwenye chemchemi, na kila mwaka maji yalishuka kidogo. Wakati Bibi anachoka aliniita mbele ya wanaukoo, akasema atakayelima ndiye mwenye bonde, na wajukuu zake wa kiume walitazama viatu vyao. Nikalima mimi, mtoto wa kike. Wengi wanaona hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote.

Leo mgowe hakuna; vijana wanalipwa kwa siku, na wana haki. Vyura hawasikiki. Januari watu wananunua unga dukani, kijiji cha wakulima kizima kimepanga foleni kwa kilo mbili, na juu yetu miti imesimama mirefu, inangoja mnunuzi. Inaniuma, na ninalisema hili waziwazi.

Mwezi uliopita mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alinikuta nikilima. Ni kijana mwema. Alisimama ukingoni akaniambia kuna mtu anataka kununua bonde lote apande miti, na kipande changu tu ndicho kilichobaki.

"Dada, nauli yako tu inazidi hayo mahindi," alisema. "Na maji yenyewe si unayaona? Yameishia nusu."

"Nimeyaona."

"Sasa unalima nini?"

Nilimwonyesha kwa jembe. Nimelima hiyo nusu yenye maji. Mwakani yakirudi nyuma tena, nitayafuata huko nyuma.