Uzi Mwekundu Chini ya Bitana

Nilirudi Lupepo, kijijini kwa bibi yangu, nikiwa na wembe kwenye mkoba. Usishtuke, rafiki yangu. Ulikuwa wembe wa kufumulia mishono tu. Mafundi wengine huushika mara moja moja. Mimi ulikuwa hautoki mkononi. Hapa Kiwira, kwenye kibanda changu kando ya barabara, ninashona mablanketi ya viraka, na nimefumua kazi nyingi kuliko nilizokabidhi. Mteja anasema, "Dada, mbona nzuri tu, nipe niondoke." Mimi naona pembe moja imepishana na mwenzake kwa unene wa uzi, na tayari nanyakua wembe. Namwambia arudi Jumamosi. Wengine hawarudi. Juzi alikataa kurudi mama aliyeagiza blanketi la mtoto wake mchanga, na mtoto, nasikia, tayari anatambaa.

Ndiyo maana nilikwenda. Katika sanduku la bati la bibi yangu kulikuwa na blanketi la viraka nililolishona naye nikiwa darasa la tatu, na kila anayelijua atakuambia kwamba hakuna pembe hata moja iliyokosea. Nilitaka kulitazama kwa macho ya kazi, nijue yule mtoto alifanyaje jambo ambalo mimi, mtu mzima, silali kwa kulikosa. Nilijiambia kwamba nisipolijua nitafunga kibanda.

Ufunguo wa nyumba ya marehemu bibi anao jirani, bibi kizee aliyekuwa rafiki wa bibi yangu toka ujana wao. Nilimkuta anamenya ndizi barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, gwe mwana. Huko Kiwira hawali? Umekuwa kama kijiti cha kuegeshea maharage."

Akanipa ufunguo na ndizi mbili za kuchoma, kwa agizo kwamba ndizi zianze, sanduku lifuate.

Nyumba ilinuka majivu na nguo zilizokosa jua, na harufu ile ilinirudisha moja kwa moja kwenye msimu ule wa mvua. Wewe uliyekulia milima hii unajua nasema nini. Ukungu unaingia ndani kama mgeni aliyezoea, unakaa hadi saa nne. Wachuma chai wanapita barabarani wamejifunika nailoni, unasikia vicheko kabla hujaona mtu. Nguo hazikauki. Vidole vya miguu vinakuwa vyeupe kama magimbi yaliyomenywa. Mama alikuwa amenipeleka kwa bibi wakati akihangaika na maisha mjini, na bibi, ili nisikae nikitazama njia, akaniweka kwenye cherehani.

Ilikuwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika mahali mkono wake ulipozoea kulala. Vitambaa tulivipata Tukuyu. Siku ya soko bibi alimpelekea fundi mmoja mkungu wa ndizi, naye akamjazia kiroba cha mabaki: vitenge, khanga, vipande vya sare za shule, zambarau ya kwaya. Tukifika nyumbani tulimwaga vyote kwenye mkeka na kuvipanga, vya giza huku, vyenye kung'aa kule. Nilinusa kila kipande. Kitenge kipya kina harufu yake, kama mafuta ya taa na nta, na hata leo nikikinusa ninakuwa na miaka minane na njaa.

Bibi hakupenda mkasi. "Kitenge hakikatwi, kinachanwa," alisema. Alitoboa ukingo kwa jino, akavuta, na kitambaa kikalia *chraaa* hadi mwisho, kimenyooka kuliko mstari wowote wa chaki, kwa sababu kitambaa kinachanika kwa kufuata uzi wake chenyewe. Tulichana utepe kwanza, kisha utepe ukachanwa vipande vya mraba. Vilivyofumuka nyuzi pembeni alivitupa motoni bila huruma.

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha vipande viwili viwili. Hapo ndipo aliponifundisha gwaride. Hukati uzi baada ya kila jozi. Unaingiza jozi ya kwanza chini ya sindano, ikikaribia kuisha unaingiza ya pili nyuma yake, halafu ya tatu, zinafuatana kama askari wa sherehe, na nyuma ya cherehani zinatoka zimeshikana kwa uzi mwembamba, mlolongo mzima, hadi zinagusa sakafu. Ukimaliza unazitenganisha. Uzi hauharibiki, muda hauharibiki, na mtoto anapata raha ya kuona kazi yake ikining'inia kama bendera. Alinipa rili ya uzi mwekundu, mabaki ya kushonea sare za shule, akasema huo ni wangu peke yangu. Yeye alitumia mweupe.

Jioni ya kesho yake alizichukua jozi zangu, akazipiga pasi ya mkaa, akaziunganisha kuwa miraba ya vipande vinne. Mishono aliilaza kinyume, huu kulia, huu kushoto, ili inapokutana ijifungie yenyewe na pembe zikae mahali pake. "Pembe zisalimiane," alisema. "Pembe zikikutana bila kusalimiana, hilo si blanketi, ni ugomvi."

Sheria ilikuwa moja tu. Mraba ukishapita mikononi mwake, sikuruhusiwa kuugeuza. "Kitu cha viraka hakigeuzwi kabla hakijavaa bitana. Ni kama mtu anayeoga. Unamsubiri avae." Niliipenda sana sheria hiyo. Nilikuwa mtoto wa kupenda sheria. Niliona miraba ikipangwa mkekani upande wa mbele tu, kila pembe imesalimiana na mwenzake, na mwili wangu wote ulitulia. Sijawahi kutulia hivyo tena.

Blanketi lilipokamilika tulilitandaza kwenye majani siku jua lilipotoka. Wanawake wa kanisa walipokuwa wakirudi ibadani walisimama. Bibi akasema kwa sauti ya kusikika hadi kijiji cha Matwebe, "Huyu mjukuu wangu ana jicho la rula!" Basi, likawa jina langu. Kanisani, dukani, kisimani: Jicho la Rula, hujambo? Jicho la Rula, hebu tazama ukuta wangu kama umenyooka. Tulilipeleka hata kwa fundi wa Tukuyu, aone kiroba chake kimezaa nini. Alipitisha dole gumba kwenye mishono, akanitazama juu ya miwani.

"Shule ikifungwa mniletee huyu. Nimfundishe."

Nikamjibu, na leo masikio yananiwaka, "Mimi nina jicho tayari."

Watu wakacheka. Bibi akashughulika na kufunga blanketi.

Nilipomaliza kidato cha nne fundi yule alikuja nyumbani akauliza tena, safari hii bila utani. Alikuwa anazeeka na alitaka mtu wa kumwachia meza. Nilikataa. Mwenye jicho anafundishwa nini? Bibi alikuwepo, anakoroga mbalaga, ndizi zetu za maziwa, na aliendelea kukoroga. Nikaenda Kiwira, nikajifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu. Wanawake wa kwenye video walibandika vibao na alama kwenye cherehani zao ili mshono usiyumbe, nami niliwahurumia. Kisha nilishona, na mshono wangu ukayumba. Nikafumua. Ukayumba. Nikafumua. Nilimpigia bibi nikilia, akasema, "Umechoka tu, mwanangu. Jicho lipo." Nilimwamini. Nikafikiri nimefanya kosa fulani maishani, na kipaji kimeniacha.

Sasa, sandukuni. Nililitoa blanketi, nikalitandaza kitandani kwake. Lilikuwa zuri. Nasema kweli, lilikuwa zuri kiasi kwamba nilisimama mbali nalo kidogo. Kila pembe. Nikatafuta mahali bitana ilipoanza kuchoka, kwenye ukingo, nikaifumua kwa wembe upana wa mkono mmoja, nikageuza.

Ndani kulikuwa na mishono miwili.

Mmoja ulikuwa mweupe, umenyooka kama ukingo wa meza. Kando yake, kuelekea nje, ulikuwa mwekundu, unapanda, unashuka, unakaribia kutoka nje ya kitambaa kabisa, unarudi. Jozi iliyofuata haikuwa na wekundu, ila safu ya matundu madogo iliyozama katikati ya kipande, na vijiuzi vyekundu vilivyokatika vimenasa humo kama nywele kwenye kitana. Nikafungua zaidi. Kote ilikuwa hivyo. Mahali nilipozama sana, alifumua na kushona upya. Mahali nilipoyumba kuelekea nje, aliniacha nilipo, akapitisha mweupe wake ndani ya wangu. Hakuna hata jozi moja iliyoshikiliwa na uzi wangu.

Nilitoka nalo nje kama lilivyo, naliburuta.

"Bibi, nani alishona huu mweupe?"

Jirani alilitazama, akacheka hadi kisu kikamponyoka. "Ati ulikuwa hujui? Mpaka na mvi zinakaribia kukuota?"

"Nani?"

"Bibi yako aliongoza, mimi nikazungusha. Wewe uko shule. Ukirudi tunakuambia tulikuwa tunachambua maharage. Maharage gani yanachambuliwa mwezi mzima!"

"Mlikuwa wawili."

"Sasa angeshika mwenyewe na kuzungusha mwenyewe, si mishono ingekuwa kama yako? Mshono wako, gwe, ulikuwa unakwenda kama ng'ombe aliyeona mto."

Nikasema angenipa alama ya kufuata. Angebandika hata plasta pembeni mwa sindano, jambo la dakika moja.

"Alibandika! Ukaibandua. Ukalia kwamba umewekewa plasta kama mgonjwa. Ukafumua jozi zako zote kwa wembe, ukakata na kitambaa, ukakata na kidole. Siku mbili hukula. Ndipo akaniambia, huyu akiachwa atajifumua mwenyewe."

Sikumbuki. Nimejaribu tangu hapo, na ninaapa sikumbuki plasta wala njaa. Nakumbuka tu pembe zilizosalimiana.

"Sawa, nilikuwa mtoto," nikamwambia. "Na nilipokuwa mkubwa je? Fundi aliponiita mara ya pili, na bibi yuko pale pale?"

Hapo kicheko kikamwisha. Alichukua ndizi, akaimenya polepole kuliko ndizi inavyohitaji.

"Hapo ilikuwa imeshakuwa aibu. Angeanzia wapi? Kanisa zima linakuita Jicho la Rula. Alisema atakuambia ukiolewa. Baadaye akasema ukipata mtoto, utacheka." Akaitazama migomba nyuma ya nyumba, alikolazwa bibi. "Alikuwa anakupenda, mwanangu."

Najua alinipenda. Hilo ndilo linaloniuma, rafiki yangu, na usiniambie haraka kwamba ni jambo dogo. Angenidanganya mtu asiyenipenda, ningeligundua mapema. Miaka yote hii nimeshindana na mtoto wa darasa la tatu, naye ananishinda kila siku, na kumbe hakuwepo. Walikuwepo wanawake wawili wazima wenye cherehani moja. Kwa ajili ya mtoto huyo nilimkatalia fundi, ambaye meza yake alipewa mtu mwingine, na kibaraza chake sasa kinauza vifuniko vya simu. Kwa ajili yake wateja wangu wanaondoka na watoto wao wanakua bila mablanketi.

Nilirudi ndani. Cherehani ipo mahali pake, na nilipopangusa vumbi niliona, upande wa kulia wa sindano, doa jeusi la gundi lenye umbo la plasta. Nililigusa. Bado linanata.

Nikachagua mraba mmoja wa ukingoni, ambao jozi zake zote bado zilikuwa na wekundu, nikafumua uzi wote mweupe, tundu kwa tundu. Nilitegemea vipande vianguke. Havikuanguka. Jozi mbili zilibaki mkononi, zimeshikwa na uzi mwekundu peke yake, ule uliopinda, na nilipozivuta, haukukatika.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni, mikono inanuka utomvu wa ndizi. Alikuja akakaa upande wa mpini.

"Nizungushe?"

"Zungusha."

Niliziunganisha zile jozi bila kuzipunguza wala kuzinyoosha, kisha nikaurudisha mraba mahali pake. Umekunjamana kidogo. Nikarudishia bitana, nikaligeuza, nikalitandaza kitandani.

Vitu vingi vya nyumba ile havipo tena. Pasi ya mkaa iliuzwa kama chuma chakavu, wanawake waliosimama kwenye majani wengi wako chini ya migomba yao, na siku hizi mvua huja ikijisikia. Blanketi lipo. Nimelileta Kiwira, liko ukutani, na wembe nimeuacha Lupepo, ingawa sikuahidi kitu. Mteja akiingia anaenda moja kwa moja kwenye ule mraba wa ukingoni, anaugusa, ananiuliza kama nimeuona. Namwambia nimeuona. Ni hapo tu katika blanketi zima ambapo pembe hazisalimiani. Zimesimama karibu, zinatazamana, kama mimi na bibi.