Mafuta ya Maombi Kwenye Tairi

Wapendwa, leo nimepaka mafuta tairi za gari la mashindano. Kwa mkono wangu mwenyewe.

Mnajua ile Datsun kuukuu ya mzee wangu, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwa mvua hii ya El Nino inarusha mkia kila kona. Asubuhi yote amekata mifereji ya maji kwenye tairi kwa kisu cha moto, akapunguza upepo, akaweka gunia la mchanga kwa buti ya gari, yote ili tairi zishike barabara.

Mimi nikaona kumebaki maombi tu.

Alipoenda kunywa chai, nikachukua mafuta yetu ya kuombea wagonjwa, nikapaka tairi zote nne nikikemea ajali.

Akarudi. Akagusa tairi, akanusa kidole.

"Mama Chebet, nini hii?"

"Ni ulinzi, Baba Chebet."

"Si ungepaka boneti!"

Tukasugua kwa sabuni ya unga na magunzi ya mahindi, magoti kwa matope, mpaka wasimamizi wakamwita kwa mstari wa kuanzia.

Ameondoka sasa hivi. Kona ya kwanza iko juu ya mto.

Mwombeeni nyinyi. Mimi nikiinua mikono, bado inanuka mafuta.