Kilio Kwenye Lango la Hoteli

Nkandu hajawahi kumwogopa mtu kwa sababu amevaa tai. Zaidi ya nusu ya maisha yake ameuza unga wa muhogo pale soko la Naviundu, na askari wote waliowahi kuja kumwondolea meza wanajua kwamba meza ile haiondoki mwenyewe akiwa macho. Mtaani wanamwita Mama Guelor, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na jina hilo lilizidi utamu Guelor alipochaguliwa kuwa mbunge wa jimbo. Mumewe, mzee Mutale, ndiye aliyezunguka na ndoo akibandika picha za mwanawe ukutani, gundi yenyewe ikiwa unga wa mkewe uliopikwa kwa maji. Unaweza kufikiria furaha ya nyumba ile.

Mutale akafa wiki ileile ambayo wabunge walikuwa wamchague gavana.

Gavana hachaguliwi na wewe wala mimi. Sisi tunachagua wabunge wa jimbo, wao wanajifungia ukumbini wanamchagua bwana mkubwa. Chama cha Guelor kilikuwa kimejiunga na vyama vilivyokitukana matusi ya nguoni wakati wa kampeni, na sasa viongozi walikuwa wanaitana ndugu mbele ya kamera. Ndugu wa namna hiyo hawaaminiani hata kidogo. Kwa hiyo muungano uliwakusanya wabunge wake katika hoteli moja upande wa Karavia, ukachukua simu zao na kuweka walinzi langoni, ili upande wa pili usije ukawanunua. Jina la hoteli silitaji, wao wanauza vyumba tu.

Kila mtu aliyetumwa kumwita Guelor alirudishwa langoni. Maiti ilikuwa mochwari, na katika ukoo wa Mutale mwana wa kwanza ndiye anayeanza kutupa udongo kaburini. Chanda, mdogo wa marehemu, akashauri wangoje kura ipite.

"Mutale angojee gavana?" Nkandu aliuliza. "Kama banafungia mutoto kule, basi kilio itaenda kule kule."

Watu walidhani ni uchungu unaosema. Lakini kabla ya adhuhuri wanawake walikuwa wamekunja mikeka, wakabeba majiko ya makaa na sufuria za bukari, ule ugali wa kwao, wakaenda kutandika mbele ya lango la hoteli, pembeni ya maua yaliyokatwa vizuri. Wakalia. Na hao ni wanawake wa sokoni, sauti zao zimezoea kushindana na malori. Wageni waliokuwa wanaogelea walitoka na taulo mabegani kuuliza kuna nini. Estelle, dada yake Guelor, akaongoza nyimbo za kanisani, na moshi wa makaa ukaingia hadi mapokezi.

Hatimaye akatoka mratibu wa muungano, Clément, mtu wa maneno laini na viatu vinavyong'aa.

"Mama, pole sana. Muungano iko pamoja na wewe. Tutakuletea jeneza ya muzuri, viti, bache ya kivuli, hata ng'ombe."

"Papa, mi sikukuomba jeneza. Minakuomba mutoto."

"Ni question ya sécurité, mama. Kuko bantu banatafuta kununua ba députés."

"Baba yake iko mu frigo," Nkandu akamjibu. "Atamununua na nini?"

Walinzi walicheka, wakajifanya wanakohoa. Clément akarudi ndani.

Habari zikaufikia upande wa pili, nao hawakuchelewa. Gari likaja na kreti za bia na soda, na kijana wa suti akaanza kuhutubia kwamba wao ndio wanaoheshimu wafu wa jimbo hili. Nkandu aliinua kreti mwenyewe akairudisha garini.

"Wewe pia toka! Hii ni kilio ya bwana yangu, haiko meeting yenu."

Jua lilikuwa linateremka Guelor alipotokea. Lango likafunguliwa lote, na hakuna aliyemshika. Mama yake akasimama, mikono wazi.

"Tuende, papa. Baba yako anakungojea."

Guelor alibaki upande wa ndani. "Mama, unisikie. Hakuna muntu mwenye ananifunga. Kura ni kesho. Nikitoka leo, batanitoa ku liste ya ba ministre. Baba angeelewa."

Nkandu alilitazama lile lango lililo wazi. Lilimuuma kuliko kifo chenyewe, maana Mutale hakuchagua kufa. Siku nzima alikuwa amewatukana walinzi ambao hawakuwa na kosa lolote. Angeweza kupiga magoti na kumbembeleza, mama wengine wangefanya hivyo, na nani angewalaumu? Yeye aligeuka.

"Mukunje mikeka. Kesho asubuhi shiye tunamuzika Mutale."

Asubuhi, wabunge wakiwa ukumbini, Chanda alichukua koleo ili ashike nafasi ya mwana wa kwanza. Nkandu akamvuta Estelle mbele.

"Shemeji, mwanamuke?" Chanda akanong'ona.

"Mutoto ni ule mwenye alikuja."

Estelle akatupa udongo, na kaburi likafunikwa kama makaburi mengine yote.

Muungano ulishinda. Guelor akapata uwaziri wake, na siku ya kumaliza kilio akaja na msafara, wapiga picha, na magunia ya unga yaliyojaa gari zima. Alipita katikati ya watu moja kwa moja hadi kwenye viti vya wenye msiba, akakuta kiti kilicho karibu na mama yake kimekaliwa na Estelle. Estelle hakuinuka. Nkandu alionyesha kwa mkono viti vya plastiki chini ya bache, wanakokaa wageni, na waziri akaenda kukaa huko, kwa sababu kamera zilikuwa zinamtazama na hakujua afanye nini kingine.

Zamu ya wageni kutoa pole ilipofika, naye akasimama kwenye mstari.

"Mama, pole," alisema kwa sauti ndogo.

Nkandu aliupokea mkono wake kwa mikono yote miwili, kwa adabu kamili.

"Asanti sana kwa kutufikia, Honorable. Marehemu mulijuana naye wapi?"